MRI ya nyonga: picha safi, ripoti ya ovyo

Kituo sikitaji, kipo Dar es Salaam. Nilipelekwa kupiga MRI kwa maumivu ya kiuno na makalio yaliyoanza mimba ikiwa kubwa, yakagoma kuondoka hata baada ya kujifungua. Kaka wa mashine alikuwa mpole sana, akaniwekea mto chini ya magoti, na kila kelele mpya ilipokuja alinitahadharisha. Ningeandika jioni ile ningewapa nyota zote.

Ripoti sasa. Mistari miwili: kuna maji kwenye uboho pande zote mbili za viungio vya sakroiliaki, yaani pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga, basi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Daktari aliyenituma akaanza kunieleza habari za sindano za kushusha kinga. Mimi nanyonyesha!

Nikarudi kuuliza kama aliyesoma picha alijua nina mtoto mchanga. Fomu yao inauliza kama una chuma mwilini, inauliza kama una mimba, lakini kujifungua haikuulizi. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho: "Mama, ripoti imeshatoka. Kama unajua zaidi ya daktari, si ungejisomea mwenyewe?" Watu wote wanasikiliza. Nikaomba kumwona aliyesoma, nikajibiwa haonani na wagonjwa. Nikaomba sidii, eti nilipie tena. Picha za mwili wangu, nilizokwisha kuzilipia!

Nililipa, nikaipeleka kwa bingwa wa magonjwa ya viungo. Kabla hajaifungua aliniuliza: maumivu yanakuamsha usiku? Asubuhi mgongo unakakamaa zaidi ya nusu saa? Ukitembeatembea unapata nafuu? Kwangu ni kinyume. Nikisimama na mtoto yanazidi, nikijilaza yanatulia. Ndipo akanionyesha picha zilezile. Maji yale huonekana kwa wanawake wengi waliojifungua karibuni, kwa wakimbiaji, hata kwa wanajeshi walioko mafunzoni, na hawana ugonjwa huo. Wataalamu wa ASAS, chama cha kimataifa kinachoshughulikia ugonjwa huo, katika mwongozo wao wa 2016, wanataka yasomwe pamoja na hali ya mfupa wenyewe. Ugonjwa ule hula kingo za mfupa, huacha mafuta kwenye uboho, na ukikomaa kiungio hugandana. Kingo zangu ni nyororo. Maji yamekaa sehemu ya mbele, na upande wa nyonga kuna pembetatu ya mfupa uliokuwa mgumu zaidi, alama ya kubeba uzito na mvutano wa mimba. Nikamuuliza kipimo cha damu cha HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa ule, akasema kwetu Waafrika jeni hiyo ni adimu, kwa hiyo kuikosa hakuthibitishi kwamba huumwi. Akanipeleka fiziotherapia, na sasa nambeba mwanangu bila kuuma meno.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Lakini bila ubora wa picha zao yule bingwa asingeona kitu, kwa hiyo haki yao ni tatu. Ukienda, andika kwa kalamu juu ya fomu ulijifungua lini na maumivu yanazidi saa ngapi, na udai sidii kabla hujalipa. Juzi nilipita pale, fomu ni ileile, hawajaongeza hata swali moja la uzazi. Wanawake wangapi wametoka pale na ripoti kama yangu, wakaamini? Basi narudi palepale: nyota moja.