Mtskheta, Gori na Uplistsikhe kwa siku moja: mwongozaji nampa nyota tano, ratiba naipa mbili

Sisi tunaofanya kazi Sharjah tuna bahati moja: mwenye kibali cha ukaazi cha Imarati huingia Georgia bila visa. Nasema Georgia ya Kaukazi, si ile ya Atlanta. Basi Idi iliyopita mimi na binamu yangu tukaenda Tbilisi siku nne, na siku ya pili tukalipa lari 130 kila mmoja kwa ziara ya kikundi kidogo. Viingilio havimo. Jina la kampuni silitaji, maana nina ya kulalamikia.

Gari lilichelewa nusu saa. Mwongozaji, mama wa makamo aliyewahi kufundisha historia, hata hatujatoka mjini akatusahihisha: wao ni Kartvelebi na nchi yao ni Sakartvelo, Georgia ni jina la wageni. Dereva akakata kona vibaya, binamu akapiga kelele, "Mama yangu!" Mwongozaji akacheka mpaka machozi. Kwao mama ni baba! Mama mzazi ni deda, babu ni babua, bibi ni bebia. Binamu akauliza, "Na dada je?" Akajibiwa: da. Kama nasi tunavyofupisha nyumbani. Ni sadfa tu, maana Kigeorgia kina ukoo wake na Kimegreli, Kisvani na Kilazi, lakini kuanzia hapo gari zima likawa familia.

Jvari, kanisa la mawe juu ya kilima tangu karne ya 6 kuelekea ya 7, tulipewa dakika 25. Hazitoshi. Chini yako mito Aragvi na Mtkvari inakutana, na Mtskheta, mji mkuu wao wa kale, umekaa pale pale kwenye makutano. Hapo ndipo mfalme Mirian alipoingia Ukristo karne ya 4, kwa mahubiri ya mwanamke, Nino.

Mlangoni pa kanisa kuu la Svetitskhoveli wanawake hutakiwa kufunika vichwa. Wenzetu wakawa wanahangaika na vitambaa vya kuazima. Sisi na mabuibui yetu tukapita kama wenyeji. Ndani, mwongozaji alisimama kwenye kaburi la mfalme Erekle wa Pili, na hapa ndipo alipostahili nyota zake zote. Mwaka 1783 Erekle alitia sahihi mkataba na Urusi ili imlinde. Mwaka 1795 Agha Mohammad Khan wa Uajemi akaja akaichoma Tbilisi, Mrusi hakuonekana. Mwaka 1801 Mrusi akaja, lakini kuumeza ufalme. Mie mtu wa Mombasa sikuhitaji kufafanuliwa. Nasi tuliwaita Waomani watutolee Mreno; wakaingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, 1698, na hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Sasa lawama. Chakula cha mchana kilikuwa kwenye nyumba ya mvinyo, na tulikaa saa mbili kasoro. Naelewa, mvinyo ndiyo fahari yao: mitungi mikubwa iitwayo qvevri hufukiwa ardhini, zabibu zikachachukia humo, na vigae vya miaka kama 8,000 vilivyochimbwa kusini mwa Tbilisi vimekutwa na mabaki ya mvinyo. Lakini watatu kati yetu saba hatunywi, na tulishasema tangu kuweka nafasi. Tukala lobio, maharagwe ndani ya chungu cha udongo, na mkate wa mahindi. Matamu, ila yangetaka pilipili.

Gori, alikozaliwa Stalin, yule mtawala wa mkono wa chuma wa Muungano wa Kisovieti, kuna makumbusho yake: kibanda cha wazazi wake, behewa lake la reli, sanamu chumba hadi chumba. Mwongozaji alitukatia tikiti, yeye akabaki nje. Tulipotoka nikamuuliza. Akasema babua wa deda wake alichukuliwa na polisi wa Stalin 1937, hakurudi. Halafu akatuonyesha kwa mkono upande wa kaskazini: Tskhinvali, mji mkuu wa Ossetia Kusini, jimbo lililojitenga likilindwa na Warusi, kilomita kama 30, asikoweza kwenda tena. Agosti 2008 mabomu ya Warusi yaliangukia mji huu huu tuliosimama.

Uplistsikhe, mji uliochongwa mwambani kabla ya Kristo, ulipata dakika 40 zilizobaki. Kumbi, matanuri, na njia ya chini kwa chini inayoteremka mpaka Mtkvari. Ningekaa pale alasiri nzima.

Ukitaka ziara hii, waambie kwa maandishi kituo cha mvinyo kiwe nusu saa. Mtskheta unaweza kwenda peke yako, kuna matatu ndogo kutoka kituo cha Didube. Wao huziita marshrutka. Na Uplistsikhe usivae makubadhi kama mimi. Mwamba umelainishwa na nyayo za watu, unateleza kama kigae cha msalani.