Fundi wa kwato aliyeniokolea Marjani (na yule wa kwanza sitaki hata kumuona)

Naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja kwa hivyo mnivumilie. Nina farasi jike, Marjani, anabeba watoto na wageni ufukweni Bamburi upande wa Pirates, na huyo ndiye anayetulisha nyumbani. Wenye farasi hapa Mombasa tuko wachache, wanaojua kazi ya kwato ni wachache zaidi, ndo maana ukipata fundi wa ovyo unanyamaza, unaogopa ukigombana naye utabaki huna mtu. Mimi leo sinyamazi.

Yule wa kwanza nilielekezwa na watu, wakamsifu mpaka basi. Akaja, hakuuliza kitu, hakumuangalia hata anavyotembea, moja kwa moja mguu juu, tupa, chuma cha kuvisha ukwato, nyundo, misumari. Kwenye mguu wa mbele wa kushoto msumari mmoja ulipoingia Marjani akavuta mguu kwa nguvu, na yule bwana akampiga mbavuni kwa mpini wa nyundo. Nikamwambia fundi usimpige, huyu mpole, kuna kitu kimemuuma. Jibu lake: "Mama, wewe shika kamba, kazi niachie mimi." Haya. Nikalipa, na si pesa kidogo.

Siku chache baadaye mnyama kaamka hataki kuukanyaga ule mguu. Si kuchechemea, yaani anaugusisha ncha tu chini halafu anauinua tena, jasho linamtoka na jua halijatoka bado. Nikampigia huyo fundi. Akacheka! Ati farasi wa ufukweni wamezoea kudeka, mchape atatembea, kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka kichwa kinaniuma, kwamba farasi si mali ya mwanamke, nitafute mume anisaidie. Mie ni mjane. Nikakata simu. Mnyama wangu kasimama pale anatetemeka na mtu aliyemuumiza anacheka, wallahi sijawahi kuchukia sauti ya mtu namna ile.

Huyu wa pili nilielekezwa na mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda, anayeuza maji kule Kisauni, akaniambia Bi mkubwa huyu mtu ni mgumu kumpata lakini akifika utapumzika moyo. Kumpata kweli ni kazi. Simu hapokei, ujumbe anajibu usiku, akasema atafika asubuhi akafika baada ya adhuhuri, ati foleni daraja la Nyali. Nilikuwa nishajiandaa kugomba. Akashuka kwenye tuktuk na mfuko wake wa ngozi, akanisalimia, akamsalimia na kijana wangu, halafu akamuendea Marjani akasimama naye tu, kamwekea mkono shingoni, hakushika hata kifaa kimoja. Ile hasira yangu ikaanza kushuka yenyewe.

Kwanza akataka aone anatembea, hatua chache tu kwenye kabro, sehemu ngumu, akasema kwenye mchanga farasi anaweza kukuficha maumivu. Akapitisha vidole nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kisigino, akaniita: "Mamangu, weka mkono wako hapa." Nikaweka, mshipa ulikuwa unadunda kwa nguvu, na ukucha wenyewe wa moto. Kisha akachukua koleo refu la kubania akawa anabana ukwato kidogo kidogo kuzunguka ukingo, Marjani katulia, katulia, alipofika pale kwenye msumari mmoja, mguu ukaruka. Hakumpiga. Akamwambia pole, nimesikia.

Chuma hakukibandua kwa mkupuo. Alitoa msumari mmoja mmoja, kila mmoja anauangalia na kuunusa! Yote mikavu, ule mmoja ukatoka umelowa, mweusi, unanuka. Akanionesha mstari mweupe chini ya ukwato, akaniambia nje ya mstari huu ni ganda tupu halina uhai, msumari ukipita huko mnyama hasikii kitu, ndani yake ndo kuna nyama na mishipa, na huu umeingia ndani. Akachonga kijitundu kidogo kwa kisu chake chenye ncha iliyopinda, usaha ukatoka wa kijivu, na muda si muda Marjani akateremsha mguu na kuukanyaga. Kijana wangu alipiga kelele, mie nilikaa chini palepale.

Halafu cha kufanya akanieleza taratibu kama mtu na akili zake: ukwato uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi ya Epsom, ufunge kwa daipa ya mtoto na tepu ngumu juu usiingie uchafu. Akauliza kama amechanjwa pepopunda, maana farasi hushikwa na ugonjwa huo upesi sana na kidonda cha ukwato ndo mlango wake. Akasema yeye si daktari, nimuite daktari wa mifugo siku ileile. Nikamuita.

Na sasa hapa ndo aliponimaliza. Nikamwambia akirudi amvishe chuma kipya. Angeweza kusema sawa akala pesa yangu. Akakataa. Akasema mnyama anayeshinda kwenye mchanga, ukucha wake ni mzuri, hahitaji chuma, na maji ya chumvi yanakula misumari bure, anachohitaji ni kukatwa na kusawazishwa kila wiki 6 mpaka 8 na basi. Ganda hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hivyo ule ubovu mpaka uteremke wote na kukatwa ni miezi kadhaa, nisimharakishe.

Nikamsema yule wa kwanza mbele yake. Hakuungana nami. Akasema msumari kukaribia nyama unaweza kumtokea fundi yeyote, hata yeye. Hapo nikawaza labda nimemuonea yule bwana, labda ilikuwa bahati mbaya... hapana. Msumari nausamehe. Mnyama alimwambia papo hapo kwamba ameumia na jibu lake likawa mpini wa nyundo, mie nikamwambia kwa simu akanitukania ujane wangu. Hiyo siisamehi.

Nilikuwa nimpe huyu wa pili nyota nne kwa sababu ya ile simu yake na kuchelewa, lakini nikiandika hivi roho inanisuta. Tano. Marjani amerudi kazini, na fundi akija sasa anampa mguu mwenyewe kabla hajaombwa.

Ukimtaka niulize nitamuomba ruhusa kwanza nikupe namba, mwandikie ujumbe usipige, muwekee farasi kivulini kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na usimharakishe, akisimama tu anaangalia mwache aangalie.