"Put off" na "call off": harusi imeahirishwa au imevunjika?

Wanafunzi wangu huvichanganya vitenzi hivi viwili kila muhula, na ninaelewa kwa nini: vyote vina "off", na kwa vyote shughuli ya leo haifanyiki. Tofauti iko kwenye kesho. Ukiambiwa "The wedding has been put off", harusi imesogezwa mbele. Endelea kulipa mchango wako. Ukisikia "called off", harusi imevunjika, usingoje tarehe nyingine.

"Put off" ndiyo yenye mambo mengi. "The smell put me off" haihusu tarehe hata kidogo: harufu ile ilinikata hamu. Hapo kujua kwamba "put" ni kuweka hakukusaidii. Kishike kifungu kizima kama neno moja, kama tunavyosema "piga pasi" bila kuwaza kipigo. "Call off" nayo hutumika kwa mbwa: kumwita aache kushambulia.

Kisarufi zinafanana. Kiwakilishi hukaa katikati: "put it off", "call it off". Ukiandika "put off it", umekosea.