WhatsApp kwa kamati ya kukutanisha darasa la zamani: nzuri mpaka hela zianze kuingia

Kwa kutafutana baada ya miaka 20, hakuna kinachoishinda. Tangu 2022 kundi moja linabeba watu 1,024, hivyo hata shule ya mikondo minne inaenea. Huyu anamvuta yule, na wiki haiishi kabla ya waliokuwa viranja kuanza kutoa amri tena. Ila kiungo cha kujiunga kikizagaa, wauza dawa na wenye mikopo ya dakika tano nao huwa "mliosoma pamoja". Washa mpangilio wa admini kuidhinisha kila anayeomba kuingia.

Kupanga tarehe, tumia kura. Inachukua machaguo 12, lakini matatu yanatosha. Na uzime uwezo wa kuchagua zaidi ya moja, maana watu hugonga yote. Ibandike juu ya kundi kwa siku 7, la sivyo jioni itakuwa imezikwa na salamu. Januari usiiweke kabisa, watu wanalipa ada. Novemba nayo walimu walio kazini wamebanwa na mtihani wa kidato cha nne.

Kwenye michango ndipo inapochosha. Orodha inaishia namba 23. Wawili wanainakili kwa wakati mmoja, kila mmoja anajiandika 24 na kuirudisha. Wa tatu ananakili ile ya chini, anajiweka 25. Aliyekuwa kwenye ile ya juu amefutika, na kesho anauliza shilingi 50,000 zake ziko wapi. Hakuna aliyeiba, lakini mhazini ameshachafuka. Orodha aiandike mhazini peke yake, mara moja kwa siku, saa tatu usiku, ahadi zikiwa mbali na fedha zilizopokelewa. Kila anayetuma amtumie pia ujumbe wa muamala, kwa sababu laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume, dada au mtoto, na mhazini hawezi kubahatisha. Mchango utajwe pamoja na ya kutolea; msipofanya hivyo, makato ya watu 60 yatatafuna hela ya maji na soda. Bora zaidi ni akaunti ya kikundi inayotaka idhini ya zaidi ya mtu mmoja kutoa fedha.

Fungueni kundi la pili la matangazo ambako admini tu ndio wanaandika. Wanaokerwa na gumzo watabaki humo badala ya kujitoa.

Walimu msiwaingize kwenye kundi la gumzo. Mwalimu wa hesabu hatapenda kukuta jina lake la utani limeandikwa kwa herufi kubwa, na wengi waliostaafu wanatumia kitochi. Kila mwalimu akabidhiwe watu wawili: wampigie, wampelekee barua ya mwaliko mkononi, na nauli imfikie siku tatu kabla. Kumwambia "njoo tutakurudishia" ni kumwambia asije.

Picha za zamani zipigwe kando ya dirisha, bila mwanga wa kamera, picha ikiwa imetolewa kwenye albamu yenye nailoni inayong'aa. Kisha zitumwe kama faili la hati. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na kwenye bango la mita tatu sura za watu zinageuka viraka.