Nimekula Pizza Express ya Woking, ile ya Prince Andrew

Haya wadau, nimeenda ili nyie msihangaike. Kutoka stesheni ya Waterloo, London, ni kama nusu saa kwa treni, na ukifika pita kwanza Msikiti wa Shah Jahan, wa 1889, ndo wa kwanza Uingereza kujengwa makusudi uwe msikiti, mzuri balaa, mi naona huo ndo ulitakiwa uipe Woking jina lakini wapi, jina kaleta Andrew, mdogo wake Mfalme Charles.

Kwa waliosahau: Novemba 2019 alihojiwa na Emily Maitlis wa BBC kuhusu madai ya Virginia Giuffre, mwanamke wa Kimarekani, kwamba Machi 2001, binti akiwa na miaka 17, walicheza wote klabu London jamaa akitoka jasho chapachapa, halafu akalala naye. Akakana. Akasema siku hiyo alimpeleka mwanae Beatrice pati hapa Woking, anaikumbuka sababu kwenda pale kwake si kawaida, na jasho eti enzi zile lilikuwa halimtoki kabisa, mambo ya vita ya Falklands ya 1982 aliyopigana na Argentina. Watu wakavamia mtandaoni kuandika rivyuu za kebehi, mgahawa wenyewe hata haujamkosea mtu.

Chakula sasa. Agiza dough balls, vidonge vya mkate vya moto saizi ya kalimati, unachovya kwenye siagi ya kitunguu saumu mpaka inakuchuruzika kwenye kidole. Pizza nilichukua Margherita, nyembamba, kingo zimebabuka kidogo kama chapati ya mkaa. Safi.

Meza ya jirani kulikuwa na bethdei ya mtoto, baba mmoja kainamia simu muda wote. Shemeji akasema muulizeni huyo baada ya miaka 18 kama ataikumbuka leo, tukacheka. Mke wangu akadakia, Giuffre alipomshtaki kule New York, kama pizza ilikuwa kweli si angeipeleka tu mahakamani badala ya kulipa? Shemeji akabisha, kulipa sio kukiri, na Giuffre mwenyewe si alikubali yaishe. Hapo ana pointi, maana kwenye makubaliano Andrew hakukiri kosa. Ila Januari 2022 jaji Kaplan wa New York alikataa kuifuta kesi, na Februari tu wakamalizana nje, kiasi hakikutajwa. Kwa hiyo hii pizza tunayoitania wote haijawahi kuulizwa swali hata moja mbele ya jopo la wazee wa baraza, na Giuffre alifariki Aprili 2025. Oktoba mwaka huohuo Mfalme Charles akaanza kumvua uprince, sawa, lakini hayo ni maamuzi ya kaka mtu na mdogo wake.

Watoto wakaanza kuimba hepi bethdei. Mke wangu akanisogezea sahani yake, hamu imemuisha. Nikamalizia mimi, bado zilikuwa za moto.

Nyota nne, ya tano nimeikata sababu ya nauli tu.