Bresi ya mgongo ya binti yangu, walioitengeneza nawapa nyota nne

Wazazi wenye watoto wa miaka 10 mpaka 15 hivi, hasa wasichana, hii ni yenu, maana hapo ndo wanarefuka haraka na mgongo kama umeanza kupinda unazidi kwa kasi. Wangu ana 12, na aliyegundua ni fundi cherehani, alikuwa anampima sketi ya shule akaniambia mama huyu nyonga moja iko juu, pindo halikai sawa. Eksirei ikasoma mgongo umepinda nyuzi 29. Daktari akasema skoliosisi, yaani mgongo kupinda upande, inahesabiwa kuanzia 10, mtoto anayekua akiwa na 25 mpaka 40 anavalishwa bresi, ikikaribia 50 huko ni habari za upasuaji. Mungu ambariki yule fundi jamani. Na bibi yake aache kulaumu begi la shule, wengi wa umri huu chanzo hakijulikani.

Kutengeneza wanamzungushia bandeji za plasta kiwiliwili chote wapate umbo lake, halafu ndo inatoka plastiki ngumu yenye pedi ndani zinazosukuma pale palipobenuka, unafunga na mikanda kwa nyuma. Ya kwetu ilimchubua kwapani, tukarudi, mtaalamu akapasha moto ule ukingo akaukunjia nje palepale tukisubiri, kwa hilo nawapa sifa zao. Nyota moja nimetoa kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba inatakiwa eksirei nyingine akiwa ameivaa, kuona kama kweli inasukuma, mpaka daktari alipouliza iko wapi.

Kazi ni masaa ya kuivaa. Kwenye utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013, waliovaa bresi 72% walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, wasiovaa 48%, na waliozidisha masaa 13 kwa siku walivuka 90%. Sasa na joto la Dar hili! Fulana ya pamba ya kubana ndani, abadilishe akitoka shule, usiku alale nayo, aivue akioga na akicheza netiboli. Haimnyooshi kabisa, inazuia tu isizidi, na akirefuka inabidi nyingine, mjipange na hela.

Wa kwako mpime leo: asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ining'inie, wewe kaa nyuma yake uangalie mbavu. Upande mmoja ukinyanyuka kuliko mwingine, mpeleke kwa daktari wa mifupa.