Mtambo wa kavitesheni kwa maji ya rangi: rangi unaitoa, bili ya umeme je?

Mtambo tunaoupima hapa ni wa majaribio: tangi la lita 200, pampu ya kilowati 2.2 ya fezi tatu, bomba la inchi 2 na bamba la chuma lenye matundu 19 ya milimita 3. Majitaka ya kiwanda cha nguo husukumwa kwenye matundu hayo kwa bar 5. Kasi inapanda, shinikizo linashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi (hiyo ndiyo kavitesheni), na viputo vinapopasuka huzaa radikali za haidroksili, chembe zenye ukali wa kuvunja kemikali. Hizo ndizo zinazokata molekuli za rangi ambazo bakteria wa bwawa la kusafishia majitaka huziacha zilivyo.

Rangi inatoka, ila macho yasikudanganye. Kifungo cha azo, yaani kiungo cha naitrojeni kinachoipa molekuli rangi yake, kikikatika maji yanang'aa, pete za benzini (vipande vigumu vya molekuli hiyo) zikiwa bado zimo, na COD, kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali, imeshuka kidogo tu. Peke yake mtambo huu ni mvivu. Unahitaji haidrojeni peroksaidi, tena kidogo kidogo, kwani ukiimwaga kwa mkupuo inakula radikali zilezile. Mabaki yake pia huharibu kipimo: miligramu 1 husomeka kama karibu miligramu 0.47 za COD, ndiyo maana maabara inaweza kukuambia maji yamechafuka zaidi baada ya kusafishwa. Ipime peroksaidi kwanza.

Maji ya rangi za reaktivu, zile zinazojifunga kwenye nyuzi za pamba, hutoka na pH ya 10 au 11, yamejaa karboneti, nazo hunyang'anya radikali. Shusha pH hadi 3 hivi kwa asidi ya salfuri, polepole, maana povu hufurika. Chumvi inayotumika kutia rangi ikikutana na asidi, chuma cha pua cha daraja la 304 hutoboka. Dai daraja la 316, linalostahimili zaidi, hata muuzaji akinung'unika.

Namba za usawa wa bahari usizinakili Kampala. Kwa mita 1,200 hivi, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88, si 101, na pampu hupoteza takriban mita 1.3 za uwezo wa kuvuta. Tangi likae juu ya pampu, la sivyo viputo vitaanzia kwenye impela, gurudumu la pampu linalosukuma maji, na kuila. Sikiliza: mlio kama wa kokoto utoke kwenye bamba. Ukiongeza shinikizo na mlio ukafifia huku mtiririko umegoma, viputo vimeungana, punguza.

Pampu pia hupasha maji digrii 9 hivi kwa saa. Bila koili ya kupoza, mvuke hujaa ndani ya viputo na mpasuko unalegea.

Sasa umeme: saa 2 kwa lita 200 ni yuniti 4.4, yaani 22 kwa mita moja ya ujazo. Kiwanda cha bia au sukari, ambacho uchafu wake bakteria wanaumudu, kisinunue. Mwenye kiwanda cha nguo atenge maji ya beseni la rangi kabla hayajachanganyika na ya suuza, apitishe hayo tu, arudishe pH karibu na 7, ndipo ayapeleke bwawani. Chujio la milimita 1 lisikosekane kabla ya pampu, kwani nyuzi za pamba huziba matundu, na bei ijumuishe mabamba mawili ya akiba: kingo za matundu huliwa na viputo vyenyewe.